Joto la Dar lilinivua sweta, nusura linivue na roho

Kama umezaliwa Daa, kule Karatu, sweta kwako si pambo. Mwezi wa saba asubuhi ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ng'ombe wanafuka moshi puani, na mtu mzima na akili zake anaota moto jikoni bila aibu.

Basi bwana, Januari 2023 mwenzenu nikapanda basi la alfajiri kuja Dar es Salaam, sweta mwilini. Kufika Chalinze nimelishika mkononi. Nashuka stendi ya Mbezi usiku, jasho chapachapa. Dada aliyekuja kunipokea alicheka mpaka akashika nguzo.

Jua nalijua jamani, msinione mshamba. Kiangazi cha Karatu vumbi linapasua midomo. Ila jua la kwetu ukiingia kivulini mmeachana. Joto la Dar linakufuata mpaka kivulini, kwa sababu hewa imejaa mvuke wa bahari. Jasho halikauki, na lisipokauka mwili haupoi, unabaki umelowa tu. Halafu Karatu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazoshuka joto linapanda kiasi cha nyuzi 6. Piga hesabu mwenyewe.

Chumba chetu Buguruni kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Feni ipo, lakini umeme ukikatika mnabaki kutazamana nayo. Wiki haijaisha, harara shingo nzima.

Aliyenihurumia ni bibi mmoja wa nyumba ya pili, mwenyeji wa pwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo jinzi unamkomoa nani?"

Akanipa darasa. Nyumbani vaa msuli. Maji kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, usingoje kiu. Kazi nzito imalize kabla ya saa 4 asubuhi. Mchana kaa barazani upande unaopata kaskazi, maana ndio upepo wa miezi hiyo mpaka Machi. Kweli, baada ya kama wiki mbili mwili ukaanza kukubali.

Kumbe balaa lilikuwa la usiku. Ndani ya chandarua nilikuwa najiona kama kiazi kwenye sufuria yenye mfuniko. Nikakipandisha juu, nikakipiga fundo. Raha iliyoje! Mbu nao wakaona raha. Na sisi watu wa milimani malaria hatujaizoea. Baridi ya kwetu inamchelewesha kimelea kukua ndani ya mbu, hivyo wengi tunakua miili yetu haijakutana naye sana. Akikukuta Dar, anakukuta mgeni.

Mwanzoni mwa Februari kichwa kikaanza kugonga, viungo vikalegea, chakula sikitaki. Dada akasema, "Joto hilo mdogo wangu, utazoea." Nikazoea siku tatu. Siku ya nne, saa 8 mchana, jua linawaka, nikaanza kutetemeka meno yanagongana. Nikamwambia dada anitolee sweta begini.

Bibi akasikia kutoka kwake. "Februari hii mtu anaomba sweta? Mpelekeni hospitali huyo, mnangoja nini?"

Zahanati wakanitoboa kidole, dakika chache tu jibu likaja: malaria. Nikapewa dawa ya mseto ya siku 3. Daktari alimsema dada kweli kweli, mimi nikajifanya nimelala. Homa yoyote, alisema, ipimwe siku hiyo hiyo, hayo mambo ya joto tutayajadili baadaye.

Siku hizi nakishusha chandarua magharibi, kuwe na joto, kusiwe na joto. Kitanda nimekisukuma chini ya dirisha, naoga usiku na kulala sijajifuta vizuri. Kuna siku bado nageuka-geuka mpaka saa 8 usiku namlaani aliyevumbua bahari. Fundo lakini silifungi tena. Sweta liko chini ya begi, linangoja safari ya Daa.