Juu ya nini ngombe anakawia kupata mimba tena?



Tuliporudi shuleni nyuma ya vakanse kubwa, mwenzetu mmoja wa milima ya Minembwe alituambia kama baba yake ameuza ngombe kwa mchinjaji. Ngombe yule alizaa mwezi wa nane, kisha mwaka mzima ukapita bila mimba. Watu wa nyumbani walisema amekuwa tasa. Wengine walisema jirani amemtupia jicho mbaya. Sisi tulimwuliza neno moja tu: alikuwa mnene ao alikonda? Akajibu: "Mbavu zake zote zilihesabika."

Tufanye hesabu kwanza. Mimba ya ngombe inachukua siku 283 hivi. Mwenye damu ya zebu anaweza kufika 290. Mwaka ni siku 365. Tukitaka ndama mmoja kila mwaka, zinabaki siku 75 ao 82 tu tangu kuzaa mpaka mimba ingine. Tumbo la uzazi nalo linaomba mwezi na zaidi kwa kurudia hali yake. Kisha ngombe anatafuta dume kila siku 21. Akikosa mara mbili, hesabu imevunjika.

Sasa chakula. Mwili wa ngombe unagawa chakula kama vile mama anagawa franga za nyumbani. Kwanza uhai wenyewe na kutembea, kisha kukua kama hajamaliza kukua, kisha maziwa ya ndama. Uzazi unangoja mwisho, sawa na minerval yetu! Kama hakuna kitu kinabaki, ubongo unazuia hormoni zenye kukomaza yai, na ngombe hatafuti dume hata kidogo. Ndiyo sababu mwenye kuzaa mara ya kwanza anakawia kuliko wengine: ananyonyesha na yeye mwenyewe angali anakua.

Wafugaji wengi wanakosea hapa: wanaanza kulisha vizuri ndama akiisha kuzaliwa. Chakula kile kinaenda mingi katika maziwa. Mafuta yanapaswa kuwa mwilini mbele ya kuzaa. Basi miezi 2 ao 3 ya mwisho ya mimba ndiyo ya kuleta bingobingo, kamba za viazi na mabua ya mahindi, pamoja na chumvi. Ngombe wa mwenzetu alizaa mwisho wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka. Alikuwa amekwisha kushindwa mbele ndama hajatoka.

Na kabila ya ngombe? Ankole wetu wa pembe ndefu ana mwili mdogo na maziwa kidogo, lakini anavumilia njaa na safari. Mwenye damu ya Ulaya anazaa ndama mkubwa na kutoa maziwa mingi. Ila majani yakipunguka, anaendelea kutoa maziwa huku mwili wake unakwisha, na mimba inakawia. Kwa maoni yetu, kuchanganya damu si vibaya, kama shamba la majani limepandwa mbele ya kununua dume. Lakini mara nyingi watu wananunua dume kwanza.

Tena kuna kuchagua mwezi. Kwetu mvua inaanza Septemba. Ngombe akipandwa mwanzo wa Februari, atazaa katikati ya Novemba, akiwa amekula majani mabichi karibu miezi miwili, na mvua itaendelea mpaka Mei. Kwa hiyo dume asitembee na ngombe wote mwaka mzima.

Neno la mwisho ni juu ya kunyonya. Ndama akiwa chini ya mama mchana na usiku, kule kunyonya kwenyewe kunazuia mama kutafuta dume. Ndama akiisha kupata nguvu, afungwe mbali, aletwe asubuhi na jioni. Hiyo haiombi franga, inaomba kamba na mtoto wa kukumbuka saa. Lakini kwa ngombe aliyekonda sana, kamba peke yake haitoshi.