Mahojiano na mashuhuri wanaojitenga: Kwa nini njia ya kuyapata ni sehemu ya habari

Mtu mashuhuri anapoishi miaka mingi bila kuzungumza na vyombo vya habari, kimya chake chenyewe hugeuka kuwa habari. Kila kituo cha televisheni hutamani kuwa cha kwanza kuketi naye mbele ya kamera, kwa kuwa siku atakapofungua kinywa, mamilioni ya watu watatazama. Tamaa hiyo huwaweka waandishi katika majaribu makubwa.

Mahojiano mawili yaliyofanywa na mwandishi mmoja wa Uingereza, Martin Bashir, yanaeleza majaribu hayo kuliko mfano mwingine wowote. La kwanza lilikuwa na Bintimfalme Diana mwaka 1995. La pili lilikuwa na mwanamuziki Michael Jackson, na lilitangazwa mwaka 2003. Yote mawili yalitazamwa na umma mkubwa, na yote mawili yalizua swali ambalo halijazeeka: je, ukweli uliosemwa mbele ya kamera unatosha kuhalalisha namna kamera ilivyoingia ndani?

Nyaraka za kughushi

Mwaka 1995 Diana alikuwa ametengana na mumewe, Mwanamfalme Charles, lakini walikuwa hawajapeana talaka. Aliamini kwamba anafuatiliwa na kwamba watu wa karibu naye wanamsaliti. Bashir, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, alifanya kazi katika kipindi cha Panorama cha shirika la utangazaji la Uingereza, BBC.

Hakumwendea Diana moja kwa moja. Alianza kwa mdogo wake wa kiume, Charles Spencer. Alimwomba msanifu wa michoro atengeneze taarifa za benki za uongo, zilizoonyesha kana kwamba mtu aliyewahi kumfanyia kazi Spencer alikuwa akilipwa ili atoe habari za familia. Spencer alipoonyeshwa karatasi hizo, alimkutanisha Bashir na dada yake mnamo Septemba 19, 1995. Mahojiano yalirekodiwa katika Kasri la Kensington Novemba 5, na kurushwa hewani Novemba 20. Watazamaji wapatao milioni 23 nchini Uingereza walimsikia Diana akizungumzia ndoa yake, ugonjwa wake na upweke wake.

Msanifu aliyezitengeneza karatasi hizo alipotambua zilivyoweza kuwa zimetumika, aliwaarifu wakubwa. Mwaka 1996 BBC ilifanya uchunguzi wa ndani chini ya Tony Hall, aliyekuwa mkuu wa habari na ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa shirika hilo. Uchunguzi huo ulimwona Bashir kuwa mtu mwaminifu. Spencer, ambaye ndiye aliyeonyeshwa karatasi, hakuulizwa lolote. Aliyepata hasara ni msanifu aliyesema ukweli, kwani iliamuliwa kwamba asipewe kazi tena na shirika hilo.

Ilipita robo karne kabla ya jambo hilo kufunguliwa upya. Lord Dyson, jaji mstaafu wa Mahakama ya Juu ya Uingereza, alitoa ripoti yake Mei 20, 2021. Alihitimisha kwamba Bashir alitumia udanganyifu, alivunja kanuni za BBC, na aliwadanganya wakubwa wake zaidi ya mara moja kuhusu karatasi hizo. Kuhusu uchunguzi wa 1996, alisema ulikuwa dhaifu mno. Ripoti hiyo pia ilitaja jambo linalosikitisha: Diana alikuwa tayari ameanza kulikubali wazo la mahojiano, na pengine angezungumza na mwandishi yeyote mzoefu aliyemwamini. Kwa maneno mengine, huenda uongo ule haukuhitajika kabisa.

Sifa ya jana, ufunguo wa kesho

Bashir aliondoka BBC akahamia kituo cha ITV akiwa na sifa ya mtu aliyemfanya Diana azungumze. Sifa hiyo ilimfungulia mlango wa Michael Jackson.

Jackson alikuwa msanii aliyejulikana dunia nzima lakini aliyejificha. Mahojiano yake makubwa na Oprah Winfrey, Februari 1993, yalifanyika baada ya miaka mingi ya ukimya. Hayo yalirushwa moja kwa moja kutoka shambani kwake Neverland, jimbo la California, na kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kukata jibu lake au kuongeza maelezo juu yake. Makubaliano na Bashir yalikuwa ya namna nyingine. Kamera zilimfuata Jackson kwa takriban miezi minane, kisha watengenezaji wakaenda chumba cha uhariri bila yeye.

Filamu hiyo, Living with Michael Jackson, ilionyeshwa Uingereza Februari 3, 2003, na Marekani siku tatu baadaye. Ndani yake Jackson alionekana ameshikana mikono na mvulana aliyekuwa amepona saratani, na akatetea tabia yake ya kuwaruhusu watoto walale chumbani kwake. Sauti ya Bashir, iliyorekodiwa baadaye, ilieleza wasiwasi mkubwa juu ya watoto hao.

Jackson alilalamika kwamba amesalitiwa. Alikuwa na mpiga picha wake mwenyewe ambaye naye alikuwa akirekodi, na Februari 20 mwaka huohuo kituo cha Fox cha Marekani kilionyesha picha hizo. Katika picha hizo Bashir anasikika akimsifu Jackson kwa namna anavyowalea wanawe. Watazamaji wakaona nyuso mbili za mwandishi mmoja: ya kwanza ikimliwaza mhojiwa, ya pili ikimhukumu akiwa hayupo.

Filamu hiyo haikuishia kwenye televisheni. Mwishoni mwa 2003 Jackson alishtakiwa kwa makosa ya kumdhalilisha mvulana yuleyule. Kesi ilipoanza mjini Santa Maria mwaka 2005, Bashir alikuwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, na jopo la wazee wa mahakama liliitazama filamu yake. Alipohojiwa na mawakili wa utetezi, maswali mengi hakuyajibu, kwa kutegemea sheria ya California inayomlinda mwandishi asilazimishwe kutoa habari ambazo hakuzichapisha. Juni 13, 2005, Jackson aliondolewa mashtaka yote. Alifariki dunia miaka minne baadaye.

Ukali wa swali na ulaghai ni vitu viwili

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba mwandishi hana haki ya kumsumbua mtu aliyechagua kujitenga. Hitimisho hilo si sahihi. Mtu mzima anayelala chumba kimoja na watoto wa watu wengine anastahili kuulizwa, awe nyota au mkulima. Swali la Bashir lilikuwa halali, na jibu la Jackson lilikuwa jambo ambalo umma ulikuwa na sababu ya kulijua. Vivyo hivyo, mke wa mrithi wa ufalme alikuwa na haki ya kueleza maisha yake kwa kinywa chake.

Kwa hiyo kosa halikuwa ukali wa maswali. Katika mkasa wa Diana lilikuwa kughushi. Katika mkasa wa Jackson hakuna karatasi bandia iliyothibitishwa. Lawama ilikuwa juu ya kumpa mtu picha moja ya kazi inayofanywa na kisha kutangaza nyingine. Makosa hayo hayalingani uzito, na si haki kuyachanganya. Yanakutana mahali pamoja tu: yote yanagusa ridhaa ya anayehojiwa.

Mtu aliyejitenga yumo hatarini zaidi kuliko mwanasiasa aliyezoea vipaza sauti. Mara nyingi ana washauri wachache, ana hofu nyingi, na anayemwamini humwamini mno. Mwandishi akija kwa sura ya rafiki, mpaka kati ya mahojiano na mazungumzo ya faragha hufifia. Mwandishi makini hukumbusha kwamba kamera inafanya kazi. Mlaghai hufurahi mwenzake anaposahau.

Kanuni zinazotumika sasa zinajaribu kuziba mwanya huo. Nchini Uingereza, mamlaka ya Ofcom inataka mshiriki aelezwe kipindi kinahusu nini, mchango wake utatumikaje, na aarifiwe iwapo mwelekeo umebadilika kwa kiasi kikubwa. Ridhaa iliyopatikana kwa hila haihesabiwi kuwa ridhaa kamili, isipokuwa pale maslahi ya umma yanapolazimisha, kwa mfano kufichua uhalifu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa kawaida mzazi au mlezi lazima akubali. Karibu na kwetu, kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya Kenya ya mwaka 2013 nazo zilimtaka mwandishi ajitambulishe na asitafute habari kwa kujifanya asivyo.

Hata hivyo, kanuni bila usimamizi ni wino tu. BBC ilikuwa na kanuni mwaka 1995. Kilichokosekana ni wakubwa walio tayari kumuuliza mwandishi wao nyota maswali yaleyale magumu ambayo yeye huwauliza wengine. Laiti Spencer angepigiwa simu moja mwaka 1996, ukweli ungejulikana Diana akiwa hai, na Jackson angejua ni nani anayebisha hodi.

Gharama yake

Siku ripoti ya Dyson ilipotoka, Mwanamfalme William alisema udanganyifu ule uliongeza hofu na upweke wa mama yake katika miaka yake ya mwisho, na kwamba mahojiano hayo yalichangia kuharibu zaidi uhusiano wa wazazi wake. Tony Hall alijiuzulu wadhifa wake katika jumba la sanaa la taifa, National Gallery. BBC iliomba radhi, ikarudisha tuzo ilizopewa kwa ajili ya kipindi hicho, na Julai 2022 ikatangaza kwamba haitakionyesha tena.

Uamuzi huo umeacha hasara ya aina yake. Desemba 1995 Diana aliandika barua akisema hakuonyeshwa nyaraka zozote na kwamba hajutii kuzungumza. Aliyoyasema usiku ule yalikuwa maneno yake, na aliyataka yasikike. Leo yamewekwa kabatini pamoja na uongo uliotumika kuyapata. Aliyedanganywa akiwa hai, sasa amenyimwa pia sauti aliyoiacha.

Kwa sisi tunaotazama, mahojiano ya namna hii yataendelea kuja, kwa kuwa udadisi wetu ndio soko lake. Tunapoyaona, yafaa tujiulize maswali machache: Je, mhojiwa alijua kipindi kitakuwaje? Je, maelezo makali ya mtangazaji yalisemwa mbele yake ili ayajibu, au yaliongezwa baadaye? Je, kuna mtoto anayeonyeshwa sura yake, na nani alikubali kwa niaba yake? Chombo cha habari kinachostahili kuaminiwa huwa na majibu ya maswali hayo kabla hakijaulizwa.