Vazi la Mwanamke wa Kiholanzi Lililohifadhiwa na Shaba

Nguo haina maisha marefu. Ile inayovaliwa leo kwa fahari, kesho hutiwa viraka, na mwishowe hugeuka tambara la kupangusia meza. Hata hivyo, mavazi ya wanawake wa Uholanzi wa karne ya 17 yangali yanaonekana hadi leo, kwa jitihada za fundi mmoja aliyetumia sindano na bamba la shaba.

Fundi huyo ni Wenceslaus Hollar, aliyezaliwa Prague mwaka 1607. Aliihama nchi yake mwaka 1627, wakati wa vita vilivyodumu miaka 30, akatafuta riziki ugenini. Mwaka 1643, akiwa London, alitoa mfululizo wa picha ndogo za wanawake wa sehemu mbalimbali za Ulaya, kila mmoja katika vazi la kwao. Miongoni mwao wamo Waholanzi.

Kazi hiyo ilihitaji subira. Bamba lilipakwa nta, kisha mistari ikachorwa kwa sindano mpaka shaba ikaonekana. Bamba lilipotiwa katika tindikali, shaba ililika palipochorwa tu. Nta ikaondolewa, mistari ikajazwa wino, na karatasi ikakandamizwa juu yake kwa mtambo.

Mwanamke wa Kiholanzi wa siku hizo alipendeza kwa gauni refu jeusi, kofia nyeupe na ukosi wa kitani. Katika picha, weupe huo ni karatasi tupu isiyoguswa na wino. Lakini katika maisha haukupatikana bure. Mjini Haarlem, kitani kililowekwa katika maji ya majivu na katika maziwa machachu, kikatandazwa majanini kupigwa na jua. Baadaye kilitiwa wanga, kikanyooshwa mkunjo kwa mkunjo. Basi, anayeitazama picha hiyo anatazama pia jasho la dobi na la mama wa nyumbani.

Hollar alifariki dunia London mwaka 1677 akiwa maskini, ijapokuwa alikuwa amechora takriban picha 2,700. Wanawake wa mfululizo ule aliwataja kwa nchi zao na hali zao tu. Ukosi umesalia, jina limepotea.

Hapo pana funzo kwa kila nyumba. Ikiwa sandukuni imo picha ya bibi katika vazi lake la harusi, na liandikwe jina lake nyuma ya picha hiyo, angali yupo wa kulikumbuka.