Maji ya Ntoto, Sehemu ya Pili: Kati ya Chemchemi na Kikombe

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia kwenye chemchemi: namna inavyojengewa ukuta, inavyotiwa bomba na kuzungushiwa uzio ili mbuzi na maji ya mvua visiingie. Mashirika mengi nayo huishia hapo, kwa kuwa chemchemi iliyojengwa huzinduliwa na kupigwa picha. Lakini ni wachache wanaoinama na kunywa pale pale bombani. Maji ya Ntoto hukingwa kwenye bidoni la manjano la lita 20, hubebwa mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso, hushushwa jikoni, humiminwa kwenye ndoo au sufuria, kisha huchotwa kwa kikombe, na pengine hulala humo hadi kesho yake. Hoja yangu ni kwamba usalama wa maji haya huamuliwa zaidi katika safari hiyo na katika kulala huko kuliko pale yanapochomoza ardhini. Kwa hiyo chombo kinastahili fedha na uangalizi kama ule tunaoipa chemchemi.

Ntoto haina ukame. Iko Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mahali Masisi na Walikale zinapokutana, upande wa msitu, ambako mvua hunyesha karibu mwezi wowote na vijito havikauki. Kilicho haba ni vyombo. Machi 1993 mauaji yaliyotokea sokoni Ntoto yaliwasha vita vilivyoenea Masisi na kuwahamisha mamia ya maelfu ya watu; tangu hapo watu wa eneo hili wamekimbia na kurudi, wakakimbia tena, na kaya inayokimbia huchukua kinachobebeka. Lita 20 za maji ni kilo 20. Mama mwenye mtoto hawezi kuondoka na mabidoni mawili yaliyojaa, na akirudi mara nyingi hayakuti aliyoyaacha. Tatizo la kuishi kwa maji machache ndani ya chombo kidogo kinachohamahama si la wakimbizi peke yao. Wazungu wanaotalii kwa vijumba vya magurudumu vinavyokokotwa na gari huweka maji katika tangi ambalo mara nyingi ni la lita 40 hivi, na miongozo yao huwahimiza kumwaga maji yaliyokaa, kulisafisha tangi kwa klorini kabla ya msimu, na kutenga mpira mmoja kwa maji ya kunywa tu. Hawaambiwi hivyo kwa sababu mabomba ya Ulaya yanatoa maji machafu. Ni kwa sababu maji masafi yakikaa katika chombo kidogo chenye uvuguvugu, kinachofunguliwa mara kwa mara, hupoteza usafi wake.

Ushahidi unaoikaribia zaidi hali ya Ntoto unatoka magharibi mwa Kenya, ambako watu wengi wa vijijini huchota kwenye chemchemi. Michael Kremer, aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya uchumi ya mwaka 2019, pamoja na wenzake, walipiga kura kuchagua chemchemi zipi zijengewe kwanza na zipi zingoje, kisha wakapima maji ya pande zote mbili. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, uchafu wa kinyesi ulipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi zilizojengewa, lakini katika maji yaliyokutwa majumbani ulipungua kwa asilimia 24 tu. Haki idaiwe hapa: kuhara kwa watoto kulipungua kwa kama robo, kwa hiyo ujenzi ule haukuwa wa bure, wala simwambii mtu aache kujenga. Ninachouliza ni wapi ilikopotelea faida iliyobaki.

Jibu lilikwisha kuonekana mapema zaidi nchini Malawi. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu iliyohifadhi wakimbizi wa Msumbiji, timu ya Les Roberts (huyu ndiye aliyekuja baadaye kuhesabu vifo vya vita vya mashariki mwa Kongo kwa niaba ya shirika la IRC) iliona kwamba maji yaliyotoka visimani yalikuwa na vijidudu vichache au hayakuwa navyo kabisa, ila yalichafuka mara tu mchotaji alipojaza ndoo yake. Baadhi ya kaya zikapewa ndoo yenye kifuniko kisichotoka na mdomo mwembamba wa kumiminia, ili mkono usipate njia. Uchafu wa kinyesi katika maji ya kaya hizo ulipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano kwa asilimia 31. Tarakimu hii ya pili haikufikia kabisa kiwango ambacho wanatakwimu hukikubali bila ubishi, na ni vizuri msomaji ajue hivyo. Lakini inaelekea upande uleule na utafiti wa Calcutta, India, uliochapishwa mwaka 1986. Huko, katika familia zilizokuwa na mgonjwa wa kipindupindu, walioambukizwa walikuwa asilimia 17 hivi pale ambapo hakuna kilichobadilishwa, na asilimia 4 hivi katika familia zilizopewa mtungi wa shingo nyembamba. Familia zilizopewa klorini bila mtungi zilikuwa na asilimia 7. Mtungi wa udongo, usio na dawa yoyote ndani yake, haukushindwa na dawa.

Sababu yake si ya ajabu. Kijidudu cha kipindupindu hutoka tumboni mwa mtu kikafika mkononi, na mkono unaozamisha kikombe katika ndoo pana hukiingiza katika maji ya nyumba nzima. Mdomo mwembamba unamlazimu mtu kumimina badala ya kuchota. Kivu Kaskazini haihitaji kufundishwa madhara ya ugonjwa huu: Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma na kunywa maji ya ziwa kwa chombo chochote kilichopatikana, watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kuna atakayesema kwamba tatizo hili limekwisha kutatuliwa na vituo vya klorini, ambako mtu hukaa penye maji na bomba la sindano akitia dawa katika kila bidoni linalopita. Ni kazi njema, na wakati wa mlipuko huokoa maisha. Hata hivyo klorini huchakaa. Hutumika kuua vijidudu, lakini hutumika pia na tope, majani na utelezi ulioganda ndani ya chombo, hata ikaisha. Watafiti waliofanya kazi na shirika la madaktari la MSF katika kambi za Sudan Kusini walionyesha, katika makala ya mwaka 2015, kwamba ili maji ya nyumbani yabaki na miligramu 0.2 ya klorini kwa lita baada ya saa kumi hivi, yanapaswa kutoka bombani na miligramu 1, wakati kanuni iliyozoeleka iliridhika na kati ya 0.2 na 0.5. Maji yaliyochotwa alfajiri yanaweza kuwa hayana kinga yoyote watoto wanapoyanywa usiku, ilhali daftari la kituo linaonyesha kwamba bidoni lile lilitiwa dawa.

Pingamizi zito zaidi linalihusu bidoni lenyewe. Ikiwa mdomo mwembamba ndiyo dawa, bidoni la lita 20 tayari linao. Mbona watu bado wanaugua? Ni kweli, na mdomo huohuo unaozuia mkono mchafu unazuia pia mkono wenye sabuni. Kaskazini mwa Uganda mwaka 2007 mabidoni ya kambi moja yalisafishwa kwa klorini kali, yote kwa pamoja, na siku chache baadaye uchafu ulikuwa umerudi. Kusafisha mara moja kwa kampeni hakutoshi, basi. Kunakotosha ni kazi ya kila juma isiyo na sherehe: changarawe au mchanga mkavu, maji kidogo na sabuni, tikisa mpaka utelezi ung'oke, suuza. Tena bidoni kubwa likijaa halimiminiki kirahisi. Mtoto wa miaka saba haliwezi, na kwa kuwa haliwezi, mama huyamimina maji katika ndoo pana ili mtoto achote, na hapo faida yote ya mdomo mwembamba imekwisha. Ndiyo maana naona tiba ya bei nafuu kwa Ntoto ni bidoni la pili, dogo, la lita tano, kama yale yanayouziwa mawese, litengwe kwa maji ya kunywa peke yake. Lioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, maana mafuta yaliyobaki hula klorini. Dawa itiwe katika lile kubwa, kisha maji yamiminwe katika dogo. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kimepimwa kwa lita 20, na kukikata vipande kwa kukisia ni kuharibu kipimo.

Wako pia wanaoshikilia kwamba wingi wa maji una maana kuliko usafi wake, na tafiti za Steven Esrey tangu miaka ya 1980 zinawaunga mkono kwa kiasi kikubwa: nyumba isiyo na maji ya kunawa haitaponywa na maji masafi ya kunywa. Kiwango cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani kaya ya watu sita ingehitaji mabidoni manne na nusu. Sioni mgongano. Maji ya kunywa ni sehemu ndogo ya hayo, na kuyatenga kunayaacha mengine yote, hata ya kijito au ya mvua, yatumike kufulia na kuoshea bila kuhitaji dawa.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mwaka 2018, pale jaribio kubwa katika vijiji vya magharibi mwa Kenya lilipogundua kwamba kuzipa kaya klorini hakukupunguza kuhara kwa watoto. Jaribio pacha la Bangladesh lilikupunguza. Tofauti moja inaonekana wazi: Bangladesh kaya nyingi ziliitumia dawa, na ziligawiwa pia chombo chenye robine cha kuhifadhia maji, ilhali Kenya wapimaji walikuta klorini katika maji ya chini ya nusu ya kaya, na mwaka wa pili ikapungua zaidi. Dawa inayohitaji kununuliwa na kukumbukwa kila siku huchosha watu, na kwa Ntoto, ambako barabara hufungwa na mvua au na bunduki, haina hakika ya kufika. Chombo kikishafika hubaki.

Kwa hiyo anayegharamia chemchemi mpya hana budi kutenga katika bajeti ileile bidoni dogo kwa kila kaya itakayochota hapo, na akirudi kupima maji asipimie bombani saa nne asubuhi mbele ya wageni. Aingie jikoni jioni, aombe kikombe cha maji wanayokunywa watoto, apime hayo, na tarakimu hiyo ndiyo aiandike katika ripoti.