Mswada Ulioshuka Mtaani

Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulikuwa andiko la kuchosha kama mengine ya aina yake: vifungu vinavyorekebisha vifungu vya sheria nyingine, Kiingereza cha mawakili, na asilimia zilizojificha ndani ya majedwali. Mwuza mboga hakuwa na sababu ya kuufungua. Lakini humo mlikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia, kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani, na nyongeza ya ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu. Maandamano ya kuupinga mswada huo, Juni mwaka ule, husimuliwa kama habari ya vijana na alama ya reli iliyovuma. Masimulizi hayo yanapunja. Alama za reli huvuma kila wiki na kufa Jumatatu inayofuata. Jipya lilikuwa kwamba watu walitumia simu zao kufanya kazi iliyopaswa kufanywa na Bunge, yaani kumweleza mwananchi anachotozwa.

Kazi hiyo ilifanywa vipande vipande. Wapo waliorekodi video fupi za TikTok wakifafanua kifungu kimoja tu, kwa Kiswahili, kwa Sheng au kwa lugha za nyumbani, ili nyanya kijijini asikie habari ya mafuta ya kupikia kwa maneno ya jikoni kwake. Wataalamu wa programu walitengeneza roboti ya mazungumzo iliyojibu maswali kuhusu mswada. Mijadala ya sauti kwenye X iliendelea hadi usiku wa manane. Kisha ukaja mtindo ulioitwa kwa kejeli "kusalimia": nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na waheshimiwa wakaamka wakiwa na ujumbe kwa maelfu. Ofisi ya kulinda data ilikemea usambazaji wa nambari hizo, na hoja yake haikuwa bure. Hata hivyo, kila hatua ilimpa mtu jambo dogo analoweza kulimaliza: elewa kifungu hiki, mtumie mbunge wako ujumbe huu. Kibali cha kazi hiyo kipo kwenye Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 118 kinalitaka Bunge lishirikishe umma.

Wapo watakaosema kwamba huo ni uanaharakati wa kidole, na kwamba kilichoshinda ni barabara. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza, serikali iliondoa kodi ya mkate na ya magari. Juni 25 wabunge waliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Ujumbe wa simu peke yake haukutosha. Wale 195 waliupitisha mswada hata hivyo. Lakini barabara nayo ilikuwepo mwaka 2023, wakati maandamano yalipoitishwa na upinzani, na sheria ya fedha ya mwaka huo ilipita na kupandisha kodi ya mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16. Safari hii waliotoka waliweza kutaja kifungu wanachokikataa, wala hapakuwa na kiongozi wa chama wa kuitwa pembeni akapozwa kwa chai.

Gharama ya maandamano hayo ya 2024 ilikuwa damu. Kufikia mwanzo wa Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Hapo simu ikageuka kapu la harambee, desturi iliyokuwepo kabla ya intaneti: zaidi ya shilingi milioni 30 zilichangwa ndani ya siku chache kwa ajili ya majeruhi na mazishi.

Pingamizi zito zaidi ni la uvumi. Usiku wa Juni 25 zilienea idadi kubwa za waliouawa katika mtaa wa Githurai ambazo hazikuthibitishwa. Wakenya walikuwa na mfano bora wao wenyewe: mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozua ghasia, jukwaa la Ushahidi lilikusanya taarifa kwa ujumbe mfupi na kuzipanga kwenye ramani. Kukusanya habari na kuzichuja ni kazi ya polepole, na majukwaa ya leo hayamlipi mtu wa polepole. Tena jukwaa linalokukusanya ndilo linalokuanika. Kufikia Desemba 2024 tume hiyohiyo ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa nyara tangu Juni, na baadhi yao walikuwa wakosoaji wa serikali mtandaoni. Kukosa kiongozi hakukuwa ngao.

Udhaifu mwingine ni kumbukumbu. Desemba hiyohiyo sheria mpya ya marekebisho ya kodi ilitiwa saini ikiwa na baadhi ya mapendekezo ya mswada uliokataliwa, na kelele zilikuwa chache. Watu walikuwa wamejifunza kuzima moto zaidi kuliko kukaa zamu. Mwaka 2025 mtaalamu mmoja wa programu alijaribu kuziba pengo hilo: alitengeneza ukurasa ambao kwa kubofya mara moja ulituma bungeni barua pepe ya kupinga vifungu vya Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Alikamatwa na kushtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Mwezi Juni hakimu wa Nairobi alisema mashtaka hayo hayakuonyesha kosa lolote. Mfumo uliodaiwa kuingiliwa ulikuwa sanduku la barua pepe la ofisi ambayo kazi yake ni kupokea maoni ya wananchi.