Shairi la msiba: kweli au si kweli?

"Bila vina na mizani si shairi." Si kweli. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na kelele za wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, hazikuizima. Ila aliyefiwa asiharakishe kuitupa mizani. Anayehesabu silabi nane, kisha nane nyingine, amepata cha kushika. Kilio humsubiri kidogo. Tazama mishororo hii miwili niliyoitunga hapa:

Ewe kifo u katili, umetutia majonzi
Kikombe chako mezani, bado hakijasuuzwa

Yote miwili ina mizani 16. Wa kwanza unafaa msiba wowote, hata wa mtu usiyemjua. Wa pili una mwenyewe.

"Dini inakataza kumlilia maiti kwa shairi." Si kweli. Kinachokatazwa katika Uislamu ni mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, alimtungia Mtume marthiya, yaani shairi la maombolezo, Mtume alipofariki. Shaaban Robert naye alimlilia mkewe kwa shairi aliloliita kwa jina lake, Amina.

"Marehemu husifiwa tu." Si kweli, ingawa wazee wanaweza kukukodolea macho. Baba aliyekuwa mkali abaki mkali. Ukimgeuza malaika, wanawe hawatamtambua. Madeni na siri viache, maana shairi si kikao cha ukoo.

"Andika machozi yakiwa mabichi." Nusu kweli. Vitu vidogovidogo, kama alivyokuwa akipokea simu au kuagiza chai, viandike mapema kabla havijakuponyoka. Beti zenyewe zinaweza kungoja hata arobaini ipite.

"Ukishaandika, huzuni itaisha." Si kweli, na hapa sitapaka asali. Mwaka 2002 Margaret Stroebe na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wajane na wagane, baadhi yao wakiwa wameombwa kuandika yaliyo moyoni. Kuandika hakukuwapunguzia majonzi. Walikuwa wakiandika shajara, si mashairi, lakini sioni kwa nini vina vifanye muujiza. Anayezidiwa aongee na watu wake, au amwone mtaalamu.

Shairi lina kazi nyingine: kushika kile ambacho wasifu hukiruka. Wasifu wa marehemu mmoja uliosomwa msibani ulitaja alikozaliwa, shule, vyeo, idadi ya watoto na wajukuu, ukaruka alivyokuwa akigombana na kondakta kila asubuhi kwa chenji ya shilingi mia, na kesho yake akilipanda tena daladala lilelile.