Fundi wa Hubble

Desemba 1993, kilomita zipatazo 590 juu ya ardhi, milango miwili ilikataa kufungwa. Nyuma yake zilikuwa zimepachikwa jairoskopu mpya, vifaa vinavyoisaidia darubini ya Hubble kutulia na kujua imeelekea wapi. Komeo za juu zikikaa sawa, za chini zinaachia. Wahandisi walihisi kwamba mabadiliko ya joto yalikuwa yameipinda milango kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha.

Huku chini mtu angeusukuma mlango kwa bega. Angani bega halisaidii: ukisukuma, unarudi nyuma mwenyewe, kwa kuwa hakuna uzito wa kukushikilia mahali. Mwanaanga Story Musgrave, aliyekuwa nje pamoja na mwenzake Jeffrey Hoffman, alitumia mkanda wa kukazia, wa aina ileile ambayo madereva wa malori hufungia mizigo. Aliufunga kwenye vishikio vya milango yote miwili, akaukaza pole pole, huku akisikiliza ushauri wa waongozaji wa safari huko Houston, hadi komeo zikaingia. Siku hiyo walikaa nje karibu saa nane.

Musgrave alikuwa na umri wa miaka 58, na hiyo ilikuwa safari yake ya tano angani.

Kazi ya mikono aliianza mapema. Alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Stockbridge, Massachusetts, na alipofika miaka 13 alikuwa akitengeneza matrekta yaliyoharibika katikati ya shamba, mbali na karakana yoyote. Aliacha sekondari bila kumaliza, akajiunga na jeshi la Marine mwaka 1953 na kuwa fundi wa ndege. Baadaye alirudi darasani kwa kiu isiyo ya kawaida: hisabati, biashara, kemia, udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia, fiziolojia, na hatimaye fasihi. NASA ilimchukua mwaka 1967 akiwa daktari na mwanasayansi.

Kisha akasubiri miaka 16. Safari za mwezini zilikuja zikaisha, naye hakupata nafasi. Ila hakukaa bure: alishiriki kubuni mavazi na zana za kufanyia kazi nje ya vyombo vipya vya shuttle. Kwa hiyo Aprili 1983, yeye na Donald Peterson walipotoka nje ya Challenger, matembezi ya kwanza ya angani katika historia ya shuttle, alikuwa amevaa vazi alilolijua mshono kwa mshono. Miaka miwili baadaye, naye akiwa ndani tena, Challenger hiyohiyo ilizimikiwa injini moja kati ya tatu ikiwa inapaa, baada ya vipima joto kutoa taarifa za uongo. Chombo kilifika angani, chini kidogo ya kimo kilichopangwa, na kazi ikaendelea.

Lakini ni Hubble inayomweleza vizuri zaidi. Darubini hiyo ilirushwa Aprili 1990, na muda si mrefu ikagundulika kwamba kioo chake cha mita 2.4 kilikuwa kimesuguliwa vibaya, ukingoni kikazidi ubapa kwa takriban sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita. Picha zikatoka na ukungu. Ilibidi kuivisha miwani, hukohuko angani. Miezi michache kabla ya safari, Musgrave alikuwa akijaribu zana ndani ya chumba kisicho na hewa, chenye baridi kali, akaungua vidole kwa baridi hiyo. Kwa daktari wa upasuaji na fundi, vidole ndiyo kila kitu. Vilipona, glavu zikafanyiwa marekebisho, naye akaenda. Yeye na Hoffman walitoka nje mara tatu. Kathryn Thornton na Tom Akers mara mbili. Mwezi uliofuata picha mpya zilionyeshwa hadharani, na nyota zilizokuwa mabaka zilionekana kama ncha za sindano.

Alirudi angani mara moja zaidi, mwaka 1996, ndani ya shuttle iitwayo Columbia, akiwa na miaka 61. Kwa safari hiyo ya sita akawa mtu pekee aliyeruka na shuttle zote tano. Chombo kilipokuwa kikirudi, uzito ukianza kuurudia mwili baada ya siku 17, wenzake walikuwa wamejifunga mikanda vitini. Musgrave alisimama nyuma yao, kamera mkononi, akirekodi moto wa waridi uliokuwa ukipita juu ya madirisha.